Baiti 384 za Kila Anayeingia

Mtu akiingia kwenye seva ya Linux kutoka mbali, awe Nairobi, Beijing au kitandani kwake Kihonda mjini Morogoro, kwa kawaida mashine huandika rekodi moja ya baiti 384. Nafasi ya herufi 32 ni ya jina la mtumiaji, ya herufi 256 ni ya anwani anakotokea, na iliyobaki ni ya saa na vitu vingine vidogo vidogo. Akitoka, inaandikwa rekodi nyingine. Zote zinarundikwa kwenye faili liitwalo wtmp, ambalo ukilifungua hivi hivi utaona vurugu tupu. Linasomwa kwa amri fupi, last, nayo huanza na aliyeingia mwisho.

Morogoro ni mji wa vyuo. Kuna SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyokuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 1984, kuna Mzumbe ukishika njia ya Iringa, na vingine. Siku hizi chuo ni seva: matokeo, ada, usajili, tasnifu. Nao wanaozitunza seva hizo hawakai nazo chumba kimoja; wanaingia kutoka ofisini, nyumbani au safarini. Na hilo si la vyuo peke yake. Kilele cha Bondwa kwenye milima ya Uluguru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kina minara ya mawasiliano. Nani apande kutoka Morningside kwenye ukungu na utelezi ili akabadilishe mstari mmoja wa mipangilio?

Njia kuu ya kuingilia ni SSH, aliyoiunda Tatu Ylönen mwaka 1995 huko Finland, baada ya mtandao wa chuo chake kuingiliwa na mtu aliyekuwa akinasa nywila zikipita wazi wazi kwenye waya. SSH hufunga mazungumzo yote kwa siri. Ila kinachofichwa ni mazungumzo, si ujio: mlango wake, poti 22, unajulikana dunia nzima.

Tuchukue mstari mmoja wa mfano, kama last inavyoutoa:

sajili  pts/0  203.0.113.45  Tue Mar 4 23:10 - 01:02 (01:52)

Mtumiaji sajili aliingia kutoka anwani hiyo Jumanne, Machi 4, akakaa saa moja na dakika 52. Rahisi? Uliza kwanza saa ya seva imewekwaje. Seva nyingi hufuata saa ya kimataifa, UTC, na Morogoro iko mbele yake kwa saa tatu. Basi 23:10 ile ni 02:10 ya huku, na kwa hesabu yetu ni saa nane na dakika kumi, usiku wa kuamkia Jumatano. Fundi akimwambia mkuu wake kwamba mtu aliingia saa tano usiku wa Jumanne, atahojiwa mlinzi wa zamu asiyehusika kabisa.

Mahali pa saa ya kutoka wakati mwingine pameandikwa crash. Neno hilo huwatisha wageni wa kazi, wakadhani seva imevamiwa. Mara nyingi umeme ulikatika tu, betri ikaisha chaji, na mashine ikazimika kabla haijaandika kwamba fulani ametoka. Mji unaopata mvua na radi za Uluguru huyaona haya.

Kuna na mstari wa mwisho kabisa, ambao wengi hawausomi: wtmp begins, kisha tarehe. Hapo ndipo kumbukumbu zinapoanzia. Kwa mipangilio ya kawaida ya Ubuntu, faili hubadilishwa kila mwezi na la zamani hutunzwa moja tu. Ukianza kuchunguza Mei jambo lililotokea Februari, umechelewa. Kwangu mimi huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote, na kuurekebisha ni kazi ya dakika tano.

Waliojaribu wakashindwa wana faili lao, btmp, linalosomwa kwa lastb. Seva yoyote iliyoachwa wazi kwenye intaneti itakuonyesha maelfu ya majaribio: root, admin, test, mfululizo, usiku na mchana. Hizo ni roboti zinazobisha kila mlango duniani, na wala hazijui Morogoro iko wapi. Wanaoanza kazi hupoteza siku nzima wakihesabu walioshindwa. Mwizi unayemtafuta yuko kwenye orodha ya waliofaulu, na ameingia kwa jina la mtu unayemfahamu.

Hapo ndipo kompyuta inapofika kikomo. Kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji kina safu ya sababu ya ujio, wtmp haina. Inajua kwamba nywila au ufunguo ulikubaliwa, haijui ni kidole cha nani kilichobonyeza. Anwani nayo haitoshi, kwa sababu kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anayeweza kusema “huyu si yeye” ni mtu anayejua kwamba mhadhiri mwenye akaunti ile yuko Mgeta kwenye bustani za mboga na kompyuta ameiacha nyumbani. Au kwamba mwenye ufunguo ule aliacha kazi mwaka jana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haiishii kwenye kuingia bila ruhusa. Hata kuendelea kutumia mfumo baada ya muda wako kwisha ni kosa.

Clifford Stoll alilijua hilo mapema. Mwaka 1986, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley huko Marekani, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zilizopungua kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Akakuta akaunti ya Joe Sventek inatumika, ilhali Sventek alikuwa Uingereza. Stoll hakuziamini kumbukumbu za ndani, kwani mvamizi mwenye mamlaka ya juu huweza kuzifuta. Akaazima printa, akaziunganisha kwenye laini za simu, kila kilichoandikwa kikachapwa kwenye karatasi ambazo mvamizi hakuweza kuzifikia. Uchunguzi uliishia Hannover, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiiuzia KGB taarifa alizoiba. Leo si lazima karatasi: seva huamriwa ipeleke nakala ya kumbukumbu zake papo hapo kwenye mashine nyingine, yenye nywila nyingine na, ikiwezekana, msimamizi mwingine.

Wenye Windows wana namba zao: tukio 4624 ni aliyefaulu, 4625 aliyeshindwa, na kuingia kwa aina ya 10 ndiko kwa kutoka mbali.

Faili la wtmp lenyewe lina siku zake. Linahesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na nafasi iliyotengwa itajaa Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Morogoro. Debian 13, toleo la Linux lililotoka 2025, halikusubiri. Fundi akiandika last humo huenda akaambiwa amri hiyo haipo. Badala yake aweke programu ya wtmpdb, kisha aandike wtmpdb last.