Pikapu Ikigoma Kuwaka Bugembe, Usikimbilie Kununua Staata

Na Mwandishi Wetu, Jinja

Bugembe ipo kilomita chache mashariki ya Jinja, kwenye barabara kuu ya kwenda Iganga. Ukishapita Iganga njia hugawanyika: mmoja anashika Tirinyi kwenda Mbale, mwingine anaendelea Bugiri hadi Busia au Malaba. Mwenye gari la zamani anayelala hapa na shehena ya nanasi au nyanya anajua hofu ya saa kumi na moja alfajiri. Unazungusha ufunguo, unasikia "tak" moja, kisha kimya. Mzigo unaanza kuiva juu ya gari, na bei ya asubuhi mpakani si bei ya mchana.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Fundi wa kwanza kufika anasema staata imekufa. Staata nyingine inatafutwa Jinja mjini, inafungwa, gari linawaka kwa sababu betri ilipumzika, na kesho yake ugonjwa ni uleule.

Magari yenyewe ni yale tunayoyajua: Peugeot 504 na kaka yake 404, Land Rover za chasisi fupi, Datsun, Toyota Hilux za kwanza, Volkswagen za mgongo wa kobe. Hayakubaki barabarani kwa bahati. Mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishindwa na Peugeot 404 mwaka 1963, halafu miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ikaja 504, ikashinda 1975 na 1978. Wanunuzi wa Afrika Mashariki waliona wenyewe gari gani linatoka kwenye tope. Sheria nayo ina mkono wake. Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari ya kawaida yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, na Kenya kwa muda mrefu imeweka kikomo cha miaka minane. Gari la zamani lililomo ndani halipati mwenzake wa umri wake kutoka nje. Mwenye nalo hulitunza.

Tuanze na umeme, maana huko ndiko lawama nyingi huishia. Washa taa kubwa, kisha mtu mwingine apige staata huku wewe unaziangalia. Taa zikififia na kuwa nyekundu kama mshumaa, umeme haufiki: betri ni dhaifu au vichwa vyake vimeshika kutu. Taa zikibaki kali na staata iko kimya, tafuta kwenye swichi, waya mwembamba wa staata au staata yenyewe. Jaribio hili halina gharama, na fundi anayekataa kulifanya mbele yako ana haraka ya kuuza.

Mwenye mita ya umeme anaona zaidi. Betri nzima iliyolala usiku kucha husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ni tupu. Staata inapozunguka, mita ikianguka chini ya volti 9.5, betri haiwezi kazi hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Lakini kipimo ninachokipenda ni cha waya wa ethi, kwa kuwa wengi hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha staata ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Kwenye magari ya umri huu waya wa ethi kati ya injini na bodi umekatika nyuzi, au umefungwa juu ya rangi na kutu. Ufungue, ukwangue chuma mpaka king'ae, ufunge tena. Vichwa vya betri vioshe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, ukiangalia yasiingie ndani ya betri.

Kuna hatari katika kuazima umeme kwa jirani. Malori mengi yanayoegeshwa kwenye barabara hii yanatumia volti 24. Ukiunganisha pikapu ya volti 12 na mfumo mzima wa lori, utaunguza taa, koili na huenda alteneta. Lori lina betri mbili. Chukua umeme wa betri moja tu, injini ya lori ikiwa imezimwa. Uangalie na umri wa gari lako. Volkswagen za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa za volti 6, na Morris Minor na Land Rover za zamani zilifungwa ethi kwenye upande wa chanya. Gari la aina hiyo ukilifuata kwa mazoea, unageuza umeme. Waya wa mwisho uufunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, maana betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.

Sasa chukua hali ya pili: staata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Vitabu vya Ulaya vinazungumzia barafu. Jinja haina barafu. Ina ziwa, mto na mvua za Machi hadi Mei. Unyevu wa usiku hutanda ndani ya kifuniko cha distributa, na umeme wa plagi badala ya kuruka kwenye plagi hutambaa juu ya maji. Fungua kifuniko, futa kwa kitambaa kikavu ndani na nje, angalia mstari mweusi mwembamba kama unywele: huo ni ufa, na kifuniko chenye ufa hakitengenezeki. Futa nyaya za plagi pia. Magari mengi yaliyogoma alfajiri ya mvua huwaka hapo.

Yasipowaka, chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, iguse chuma cha injini mbali na harufu ya petroli, kisha zungusha. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Cheche ya njano na dhaifu, au kutokuwapo kabisa, inakupeleka kwenye pointi za distributa. Nafasi yake kwenye Peugeot hizi ni karibu milimita 0.4, mafundi wengi hupima kwa ganda la kiberiti na hawakosei sana. Zikiwa zimeungua na kuota kilima upande mmoja, tuhumu kondensa. Kwenye kondensa, kipya si lazima kiwe kizuri: nyingi zinazouzwa sokoni huharibika wiki ileile. Kondensa ya zamani inayofanya kazi ni mali, usimpe fundi aende nayo.

Kama cheche ipo, tafuta mafuta. Petroli ya madumu hubeba maji na vumbi, na maji hukaa chini ya tangi na chini ya bakuli la kabureta. Chujio la kioo kwenye bomba la mafuta huonyesha kila kitu. Wako wanaomimina petroli kwa chupa ya soda kwenye mdomo wa kabureta huku staata ikizunguka. Injini ikirudisha moto, moto unatoka hapo juu, usoni kwa aliyeshika chupa. Usikubali, hata mzigo ukiwa samaki.

Gari lililotoka Busia moto, likazimwa Bugembe kwa chai, likakataa kuwaka, lina shida nyingine: petroli imekuwa mvuke ndani ya bomba. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya pampu na bomba, fungua boneti, subiri nusu saa. Dizeli nazo zina habari yake fupi: kagua plagi za kupasha moto, na kama mafuta yaliisha njiani, toa hewa kwenye filta kabla ya kuchosha betri.

Kusukuma gari kwa gia ya pili kunasaidia pale ambapo betri imechoka tu. Betri iliyokufa kabisa kwenye gari lenye alteneta itawachosha vijana wa watu bure.

Lenye namba za Kenya au Tanzania lina jambo moja zaidi. Kibali cha muda cha forodha kina tarehe ya mwisho, na gari bovu haliisimamishi tarehe hiyo. Ukiona matengenezo yatapita siku moja, hamishia mzigo kwenye gari jingine, kisha wasiliana na forodha kuhusu kuongezewa muda kabla tarehe haijafika, ukiwa na risiti ya gereji mkononi. Spea yoyote uliyobadilishiwa, omba ile ya zamani uirudishe nyumbani.