Teksi za London na Adabu Zake
Mgeni ashukaye London, mji mkuu wa Uingereza, naye hazijui njia zake, hana budi kufahamu kwamba teksi za huko ni za namna mbili, na kila namna ina kanuni yake. Ya kwanza ni teksi nyeusi, ambayo taa yake ya paani ikiwaka kwa rangi ya chungwa, abiria ana ruhusa kuisimamisha kwa kuinua mkono; nauli huhesabiwa na mita iliyo mbele ya macho yake, wala hapana haja ya kupatana bei. Dereva wake astahili heshima, kwani hapewi leseni ya mji mzima ila baada ya mtihani mkali ulioanza mwaka 1865, unaomlazimu kuhifadhi njia 320 na maelfu ya mitaa iliyomo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross, katikati ya mji, kazi ambayo aghalabu huchukua miaka mitatu au zaidi. Ya pili ni gari la kukodi, ambalo sharti liagizwe kabla. Basi dereva amwendeaye mgeni usiku na kumnong'oneza nauli rahisi avunja sheria, na akataliwe bila ya kusita, kwani salama ya nafsi haipimwi kwa fedha.