Mteja Akiomba "Wasafishaji" wa Tanki la Samaki, Muulize Maji Yake Kwanza

Leo naongea na wenzangu tunaouza vitu vya tanki la samaki mtandaoni: samaki, mawe, filta, chakula. Kuna meseji inaingia karibu kila wiki: "Una samaki wa kusafisha tanki?" Mwingine anaandika tu, "Nataka konokono wa kusafisha, nitumie kumi." Ni oda tamu, mteja ameshaamua kutoa hela. Ila ndiyo oda inayozaa malalamiko kuliko zote, na upande wa konokono inaweza kumletea mtu ugonjwa wa kweli. Ngoja niwaambie ninavyochagua mimi nikiwa hapa Kyela.

Kabla ya kutaja bei, uliza: maji ya chumvi au maji baridi? Usicheke. Wateja wa Dar na Zanzibar wengine wana matanki ya bahari yenye matumbawe, na wakiona uko ufukweni wanadhani chochote cha majini kinafaa. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ziwa Nyasa ni maji baridi. Mnyama wa huku ukimtia kwenye tanki la bahari anakufa, na wa bahari ukimleta ziwani anakufa vilevile. Hamna cha "atazoea".

Swali la pili: uchafu gani? Hapa ndipo pesa inapotea. Mwani wa kijani kwenye kioo una walaji wake. Chakula kilichobaki chini kina walaji wake. Maji yenye harufu au mawingu hayana mlaji kabisa, hiyo ni kazi ya filta na bakteria wanaoishi ndani yake, na bakteria hao huchukua kama wiki 4 mpaka 6 kukaa sawa kwenye tanki jipya. Mteja mwenye tanki la siku tano akitaka wasafishaji, mwambie asubiri. Hakuna mwani bado, watakufa njaa, halafu atasema umemuuzia wagonjwa.

Na mwambie ukweli huu mapema: msafishaji naye anakula na anakunya. Mwani ukizidi, mara nyingi taa inawaka muda mrefu au chakula kinamwagwa kingi. Abadilishe maji robo kila wiki, apunguze chakula, kisha wanyama wamalizie. Ukimuuzia wanyama ishirini bila hilo, umemuongezea mizigo kwenye maji yaleyale.

Sasa tuje kwa tanki la bahari, maana hilo ndilo lina mchanganyiko mwingi. Konokono wanaokwangua mwani ndio wa kwanza, na waanze wachache, mwani ukionekana. Akianguka chali na kushindwa kugeuka anakufa na kuoza, maji yanachafuka usiku mmoja, kwa hiyo mteja awe anaangalia. Kuna wale kaa wadogo wanaoishi ndani ya kombe la konokono. Wanaokota mabaki vizuri, lakini wakikua wanataka nyumba kubwa na wanaweza kumuua konokono ili wachukue kombe lake. Ukiuza kaa hao, weka na makombe matupu kadhaa kwenye mzigo. Ni kitu kidogo, mteja anakukumbuka.

Jongoo bahari anasafisha mchanga, hilo kweli. Ila akifa au akijeruhiwa kwenye tanki dogo anaweza kuachia sumu ikaua samaki wote. Mimi nisingemuuzia anayeanza. Kuna pia yule samaki mwembamba mwenye mstari mweusi anayesafisha samaki wenzake kwenye matumbawe. Watu wanamnunua wakidhani atasafisha kioo. Yeye anakula wadudu walioganda kwenye miili ya samaki, na kwenye tanki la nyumbani wengi wao wanakonda mpaka wanakufa. Usimuuze kama msafishaji wa tanki.

Swali moja la bahari watu hulisahau: umewahi kuweka dawa yenye shaba? Dawa za samaki wagonjwa nyingi zina shaba, na shaba inaua konokono, kamba na matumbawe hata kwa kiasi kidogo. Kama jibu ni ndiyo, usitume kitu.

Halafu usimwambie kijana wa Kigamboni akuokotee konokono yeyote kwenye mwamba. Wapo wenye kombe zuri la umbo la koni, lina michoro ya kuvutia, wanachoma kwa sumu, na aina mojawapo imeshaua watu. Wapo Bahari ya Hindi yetu hii. Na visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, si sehemu ya kwenda kuokota mzigo wa biashara.

Tukirudi ziwani. Hapa ukitaja ziwa watu wanafikiria mbasa, usipa na magege, yaani mboga. Wenye matanki wa Ulaya na Marekani wanalijua kwa mbuna, samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe. Upande wetu wa Itungi mito inaleta mchanga na tope. Ukipita Matema kuelekea Ikombe na Lumbila, chini ya milima ya Livingstone, ndiko mawe yalipo, na mbuna wako huko wanakwangua mwani mchana kutwa. Yule mwenye pua iliyoning'inia juu ya mdomo, kitaalamu Labeotropheus fuelleborni, mdomo wake uko chini kabisa, kwa hiyo anakwangua huku mwili umelala sambamba na jiwe. Kwa mteja wa maji baridi anayetaka mlaji wa mwani, ndiye ninayemtaja kwanza.

Lakini ni mgomvi. Muulize mteja vipimo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1,000, unapata lita. Tanki la 40 kwa 30 kwa 30 ni lita 36, mbuna humo watauana. La 100 kwa 40 kwa 50 ni lita 200, hapo tunaongea. Dume mmoja, majike kadhaa, mawe mengi ya kujificha. Na asiwape nyama, matumbo yao ni ya mwani, yatavimba.

Mimi nauza waliozaliwa kwenye matanki yangu. Wameshazoea chakula cha dukani, hawafi ovyo njiani. Ukitaka kuchukua wa ziwani, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya kwanza, mambo ya leseni yapo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003.

Konokono wa ziwani sitoi. Hata ukiongeza dau. Ziwa hili lina konokono wanaobeba kichocho, kile cha kukojoa damu, na wengine wanaishi hata kwenye mchanga wa ufukwe wazi. Konokono mwenye vimelea anaviachia majini kwa wiki nyingi, na vinapenya ngozi. Fikiria mteja anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kusugua kioo, au mtoto wake anachezea maji. Kwa macho huwezi kujua yupi anacho. Majani ya majini na mawe mabichi nayo yanabeba vikonokono vidogo na mayai, kwa hiyo mawe yangu yanakaa juani mpaka yakauke kabisa ndiyo yanafungwa. Ajabu ni kwamba ziwa lina samaki wake anayekula konokono hao, Trematocranus placodon. Upande wa Malawi, watafiti walihusisha kuvuliwa kwake kupita kiasi na kuongezeka kwa kichocho.

Wanaoniuliza yule kambare mgeni wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya kioo: anauzika, ila anapita sentimita 30, na mteja akimchoka anamtupa mtoni. Sato wa Mto Nile ameshaingia kwenye bonde la ziwa hili, watafiti waliandika hivyo mwaka 2013, na alitoka kwa wafugaji, si kwa maji yenyewe. Kwa hiyo nikiuza msafishaji yeyote naandika kwenye risiti: ukimchoka nirudishie, nauli ya basi juu yangu. Mpaka sasa wamerudi wawili, na wote nimeshawauza tena.