Tangi Linalogeuka Mbele na Nyuma

Msomaji wetu wa Kondele, Kisumu, anauliza kama filamu ya rangi inaweza kusafishwa nyumbani, na kama ile mashine ya kuzungusha tangi inasaidia chochote au ni mbwembwe tu. Inasaidia. Kupachika filamu kwenye spuli ya tangi gizani utajifunza kwa kuharibu moja mbili, kwa hiyo tusikae hapo. Utamu uko kwenye mzunguko.

Filamu imepakwa jelatini iliyobeba chumvi za fedha. Dawa ya kwanza ikiingia, chumvi zilizopigwa na mwanga hugeuka fedha tupu na kuachia bromaidi. Bromaidi hiyo ni king'ang'anizi: hutanda pale pale juu ya jelatini na kuifanya dawa izembee. Ni kama gugumaji pale Dunga, ufuo wa ziwa hapo Kisumu. Mitumbwi imejaa samaki, wachuuzi wanangoja, lakini gugu limeziba ufuo. Upepo ukivuma, njia hufunguka. Ukivuma upande mmoja tu kutwa kucha, gugu hurundikana mahali pamoja. Bahati ya wavuvi ni kwamba ziwa lina pepo mbili: mchana hutoka ziwani, usiku hutoka nchi kavu. Kizungushi (naomba tukiite hivyo, maana “mashine ya kusafishia” inanuka sabuni ya nguo) hufanya vivyo hivyo: hulilaza tangi, hulizungusha mara kadhaa upande mmoja, kisha hugeuza. Kisipogeuza, dawa hutiririka kwa njia ile ile, na picha huweza kutoka na michirizi kando ya matundu ya filamu.

Tangi likiwa limelala, filamu huchovya dawa na kuibuka, huchovya na kuibuka, hivyo dawa kidogo inatosha. Tangi dogo la Jobo, kampuni ya Ujerumani, linataka mililita 140 kwa roli moja likizungushwa, na 250 likipinduliwa kwa mkono.

Sasa joto. Filamu ya rangi ya kawaida (negativu) hutaka nyuzi 37.8 kwenye dawa ya kwanza kwa dakika 3 na sekunde 15, na haina msamaha. Kisumu, maji ya bomba tayari yana uvuguvugu, kwa hiyo hita ya kizungushi haihangaiki. Kinachosumbua hapa ni filamu nyeusi na nyeupe, ambayo vipimo vyake vingi vimewekwa kwa nyuzi 20. Nyuzi 20 Kisumu ni kazi ya barafu! Ukifanyia kwenye nyuzi 24, dakika 10 zinashuka hadi kama 7. Punguza tena kwa hadi asilimia 15 kwa sababu tangi halitulii, utabaki na 6 hivi.

Vaa glavu, fungua madirisha, na ile dawa inayoondoa chumvi za fedha zilizobaki kwenye filamu, ikishatumika usiimwage mtaroni, kwa kuwa ina fedha.

Vitabu vingi humwanzisha mwanafunzi na nyeusi na nyeupe. Wewe wa Kondele, ukishapata kizungushi, anza na rangi.