Habari za Mbwa wa Kongo, na Jinsi ya Kumchagua Mfugaji

Mara nyingi waalimu na wenye nyumba hutuuliza habari za kupata mbwa: wa kulinda boma usiku, wa kufukuza nyani shambani, au wa kukaa na watoto tu. Wengi huuliza kwanza bei, kisha rangi. Ni wachache waulizao mbwa yule alizaliwa wapi, mama yake yu hali gani, na ni nani aliyewakutanisha wazazi wake. Nasi twaona kwamba maswali hayo yangepaswa kutangulia. Ili tuyaeleze vema, twataka kuwasimulia habari za mbwa mmoja wa bara letu, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la basenji.

Basenji ni mbwa mdogo wa misitu ya Kongo. Kimo chake hata begani ni sentimita 40 hivi. Masikio yake yamesimama, mkia wake umejikunja juu ya mgongo, na paji lake lina makunyanzi kama la mzee afikiriye shauri. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa sauti iliyo kama kuimba. Kwa hiyo wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni, wapate kujua alipo msituni. Jike lake kwa kawaida hutaka dume mara moja tu kwa mwaka, na majike ya mbwa wengi hutaka mara mbili. Hata jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", maana aliitwa mbwa wa watu wa porini. Msomaji na alishike neno hili, maana tutalirudia.

Mbwa hao walipelekwa Uingereza mwaka wa 1895, walakini hawakuishi. Maradhi ya mbwa wa huko yaliwaua. Hata katika miaka ya 1930 Bibi Olivia Burn, Mwingereza, alifaulu kuwapeleka na kuwazalisha, na mwaka wa 1937 wakaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts. Mwaka wa 1943 American Kennel Club, chama kiandikacho nasaba za mbwa huko Marekani, kikamwandika basenji katika daftari lake.

Daftari la nasaba lina faida kubwa. Mwenye kununua hupata kujua baba, mama, babu na bibi wa mbwa wake. Lakini lina hatari yake pia. Likiisha fungwa, asiyeandikwa wazazi wake hawezi kuingia tena; nao walioandikwa wakiwa wachache, baada ya vizazi kadha wa kadha wote huwa ndugu. Ndivyo ilivyokuwa kwa basenji. Mbwa waliofika Ulaya na Marekani hawakuwa wengi, na maelfu waliozaliwa baadaye walitoka katika hao wachache.

Sasa, undugu huo una ubaya gani? Kila mnyama hupokea urithi wake kwa jozi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kuna kasoro za urithi zisizoonekana mpaka mnyama azipokee pande zote mbili. Mbwa aliyepokea upande mmoja tu ni mzima, hula, hukimbia, wala hakuna amjuaye; lakini ndani yake amebeba kasoro ile. Wakipandishwa wawili waliobeba kasoro moja, basi kwa kadiri katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa, wawili watabeba kama wazazi wao, na mmoja atakuwa safi kabisa. Na katika ukoo mmoja, ni rahisi sana mbeba kasoro akutane na mbeba kasoro mwenzake.

Katika miaka ya 1960 wataalamu walitambua ndani ya basenji ugonjwa wa urithi uharibuo damu, wenye kuwaua mbwa wangali vijana. Kikapatikana kipimo cha kuwajua wabebaji. Wafugaji wengi, kwa nia njema, wakawaacha wabebaji wote wasizae tena. Ugonjwa ule ukapungua sana. Lakini ukoo uliokuwa mwembamba ukazidi kuwa mwembamba. Kisha ukaonekana ugonjwa mwingine, uitwao Fanconi, ambao figo huacha sukari na vitu vingine vya lazima kupotea katika mkojo. Mbwa hunywa maji mno, hukojoa mno, hukonda, na asipotunzwa hufa. Tena ugonjwa huu mara nyingi hauonekani mpaka mbwa awe na umri wa miaka minne au zaidi, yaani baada ya kuisha kuzaa watoto wengi. Wako wafugaji wasemao kwamba kule kuwatupa wabebaji wa ugonjwa wa kwanza ndiko kulikoupa nafasi ugonjwa wa pili.

Walifanya nini basi? Mwaka wa 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri mpaka Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, wakaingia vijijini kutafuta mbwa wapya. Mwaka wa 1990 daftari la Marekani likafunguliwa kwa mbwa 14 wa Kiafrika, na baadhi yao walikuwa na rangi ya milia ambayo haikuwamo katika basenji wa huko. Daftari likafunguliwa tena tangu 2009 hata 2013. Na mwaka wa 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha kwanza cha urithi wa Fanconi, na mwaka wa 2011 kipimo kingine kilicho hakika zaidi. Leo mfugaji mwema hamtupi mbwa mzuri kwa kuwa amebeba kasoro. Humpandisha na aliye safi, na katika watoto wao hapatikani mgonjwa hata mmoja. Hivyo ugonjwa huzuiwa, na ukoo haupungui.

Na sisi tusio na basenji, tutashika nini katika habari hizi? Tutashika kwamba kumzalisha mnyama ni kazi yenye hesabu, na kwamba uzuri wa macho hautoshi. Kwa hiyo, mtu akitaka kununua mtoto wa mbwa, na aende mwenyewe nyumbani kwa mfugaji. Asikubali kukutana naye njiani wala sokoni. Akifika, aombe kumwona mama akiwa pamoja na watoto wake. Ikiwa mama ni mwoga, mkali pasipo sababu, au amedhoofika, aondoke. Amwulize mfugaji jike huyu amezaa mara ngapi, na ana umri gani. Maana jike halifai kupandishwa mara ya kwanza litakapo dume, kwa kuwa lingali linakua lenyewe, wala halifai kuzalishwa mfululizo bila kupumzika. Aulize wazazi wamepimwa maradhi gani ya urithi, na aonyeshwe hati kwa macho yake, wala asitosheke na maneno ya mdomo.

Asimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza majuma nane, maana katika siku hizo hujifunza kwa mama na ndugu zake asivyoweza kujifunza kwetu. Aulize habari za chanjo na dawa ya minyoo. Na mbwa akifikia miezi mitatu, achanjwe kichaa cha mbwa. Jambo hili la mwisho lisiahirishwe. Karibu watu wote wafao kwa kichaa cha mbwa waliumwa na mbwa, na ugonjwa ukiisha kujionyesha kwa mtu, hupona kwa nadra mno.

Tena msomaji asichukie akiulizwa maswali na mfugaji: una boma? nani atamlisha? utamfunga mnyororo mchana kutwa? Huyo ndiye mfugaji wa kweli. Yule asiyeuliza neno ila fedha, hajali mbwa atakwenda wapi. Mfugaji wa kweli husema vile vile, "Ukishindwa kumtunza, mrudishe kwangu, usimtupe."

Uingereza jambo hili limetiwa katika sheria. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, katika nchi ya England, mfanya biashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita asipokuwa amemzalisha yeye mwenyewe. Watu huiita sheria ya Lucy, kwa jina la jike mmoja aliyeokolewa mwaka wa 2013 katika nyumba ya kuzalishia mbwa huko Wales, mwili wake umeharibika kwa kuzalishwa mno. Wanunuzi waliona watoto wazuri dukani; mama hawakumwona kamwe.

Wako watakaotuambia, "Mchagua nazi hupata koroma." Lakini koroma hutupwa siku ile ile, na mbwa hukaa nyumbani miaka kumi na zaidi. Wala wajibu huu si wa wanunuzi tu. Mwenye jike nyumbani, asiyeweza kuwapatia watoto wake makao, na amfungie wakati wa kutaka dume, au ampeleke kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi. Watoto wa mbwa waliotupwa jalalani nao wana mfugaji, ingawa hapendi kuitwa hivyo.

Tukirudia neno letu la kwanza: mbwa aliyepewa jina la ushenzi alichukuliwa na watu wenye elimu, vitabu na nishani, nao wakakaribia kumpoteza kwa kufunga mlango. Damu iliyomsaidia ilitafutwa vijijini, kwa wawindaji wasio na daftari lo lote. Twaona ni vema waalimu wawasimulie wanafunzi wao habari hii, siku watakapofundisha habari za urithi. Na baba na mama wawasimulie watoto, kabla ya kuwaletea mbwa nyumbani.