Mbio na Nyumba: Nani Anabaki na Watoto? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kwa nini wakimbiaji wetu hukusanyika Arusha. Jiji lenyewe liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Ngaramtoni na Olmotonyi, ubavuni mwa Mlima Meru, hewa inazidi kuwa nyepesi na mwili unalazimika kuongeza chembe nyekundu za damu. Leo tuingie kwenye nyumba wanazorejea wakimaliza mazoezi.

Mwaka 2025 Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya Boston tarehe 21 Aprili, akawa wa pili kwa saa 2:05:04. Tarehe 15 Septemba akashinda Tokyo kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde, na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa riadha. Sisi watazamaji tuliona asubuhi mbili. Nyuma ya kila marathoni ya kiwango hicho kuna miezi kama mitatu ya maandalizi: kuamka kabla ya jua, mbio ndefu ya kilomita 35 hadi 40 kila wiki, mazoezi mara mbili kwa siku, na katikati yake usingizi wa mchana.

Usingizi huo ndio unaogombanisha nyumba kuliko kilomita zenyewe. Mfanyakazi wa ofisini akitoka, watoto wanajua hayupo. Mkimbiaji yupo, amelala chumba cha pili, na ni marufuku kumwamsha. Jirani akipita saa nane mchana anamwona mwanamume mwenye afya tele amejinyoosha huku mkewe anachota maji. Utamwelezaje kwamba misuli iliyochanika asubuhi inajijenga upya wakati huo, na kwamba kulala ni sehemu ya kazi? Mtaani maneno huanzia hapo.

Wenzetu Wakenya wamelijibu swali hili kwa kambi. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi aliishi kambini Kaptagat siku za wiki, akarudi kwa mkewe Grace na watoto wao watatu Eldoret mwishoni mwa wiki. Husifiwa kwa nidhamu, na anastahili. Lakini nidhamu hiyo ilikuwa ya watu wawili, na mmoja wao hakuwa na namba kifuani.

Arusha ina ugumu wake. Wakimbiaji wengi wakubwa waliofanyia mazoezi hapa si wenyeji wa mlimani: Simbu ametoka Singida, Gabriel Geay Mbulu, Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, alitoka Katesh. Mwenyeji wa Ilboru akizidiwa anampeleka mtoto kwa bibi, ng'ambo ya migomba. Mgeni aliyepanga chumba hana bibi wa karibu. Bibi yuko upande wa pili wa safari ndefu ya basi kupitia Babati. Matokeo yake ni ama mke kuacha kazi yake, ama binti wa ndugu kuletwa kutoka kijijini, ama watoto kubaki huko na kumwona baba Krismasi.

Fedha nazo haziji kama mshahara. Wa pili Boston hupata dola 75,000. Ukitoa kodi ya Marekani, ambayo kwa mgeni ni asilimia 30, na asilimia 15 ambayo kwa kawaida huchukuliwa na wakala, zinabaki dola 41,250. Ni fedha nyingi, sikatai. Ila ukoo umesoma gazeti na kuona 75,000, na simu za ada na michango ya harusi zinapigwa kwa hesabu hiyo. Akiumia goti Januari, huenda mwaka wote ukapita bila kitu.

Ndiyo maana nasema kilichozilinda nyumba za wakimbiaji wetu ni jeshi, hata kuliko zawadi. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari wa JWTZ. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York mwaka 1989, vilevile. Simbu pia. Mshahara wa askari si mkubwa, lakini unaingia kila mwezi, goti likiuma au lisiume.

Kwa mwanamke hesabu hubadilika kabisa. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua pacha. Mkimbiaji anayetegemea mkataba wa kampuni ya viatu si mwajiriwa wa kampuni hiyo. Mkataba wake mara nyingi humlipa kwa kushindana, na asiposhindana malipo hupunguzwa. Mwaka 2019 Mmarekani Allyson Felix alieleza hadharani kwamba Nike ilitaka kumlipa pungufu kwa asilimia 70 baada ya uzazi. Miezi michache baadaye kampuni ikaahidi kutowapunguzia wanariadha wajawazito kwa miezi 18. Soka limekwenda mbele zaidi: tangu 2021 FIFA inazitaka klabu zitoe angalau wiki 14 za likizo, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara.

Wala uzazi haumalizi miguu. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua Juni 2018, kisha akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Tokyo na tena Paris. Alichohitaji ni muda, na muda ndio usioandikwa katika mikataba mingi.

Kwa hiyo binti wa Arusha anayeletewa karatasi za kusaini atafute kwanza kifungu kinachosema atalipwa kiasi gani akiwa mjamzito, na kwa miezi mingapi baada ya kujifungua kabla ya kudaiwa muda wa kufuzu. Kama hakimo, wakala aambiwe akiandike. Wiki ijayo tutamfuata Bayi na mkewe Anna hadi Kibaha, kwenye shule walizojenga mbio zilipokwisha.