KIUNGUACHO NI MVUKE

Watu wengi hudhani ya kuwa petroli ishikapo moto, yale mafuta yenyewe ndiyo yanayoungua. Sivyo. Kiunguacho ni mvuke utokao juu yake. Asiyelijua jambo hili aweza kupoteza nyumba yake, hata maisha yake.

Petroli ni mchanganyiko wa mafuta mepesi ya namna nyingi, na mojawapo huitwa heksani. Heksani haina rangi, ni nyepesi kuliko maji, nayo huchemka kwa joto la digrii 69 za sentigredi. Kila chembe yake ina kaboni 6 na haidrojeni 14. Ikiungua penye hewa ya kutosha, kaboni hushikana na oksijeni ikawa kaboni dioksaidi, na haidrojeni hugeuka kuwa mvuke wa maji. Lakini hewa ikipungua hutokea masizi, pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo ni hatari kulala katika chumba kilichofungwa huku jiko la mafuta likiwaka.

Sasa tuilinganishe petroli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la digrii 38 hivi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi ya kugandisha maji. Basi mtu akitia petroli katika taa, ijapokuwa kidogo tu ya kuchanganya, mvuke hujaa ndani ya tangi, na taa yaweza kupasuka mara iwashwapo. Vivyo hivyo, usinunue mafuta ya taa yaliyotiwa katika debe lililokuwa na petroli.

Tena mvuke wa heksani ni mzito mara 3 kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni. Waweza kufika kwenye jiko lililo chumba cha pili, ukawaka huko, na moto ukarudi mpaka kwenye debe.

Moto wa petroli ukitokea, usiumwagie maji, kwa kuwa petroli huelea juu ya maji na moto huenea. Ukiwa mdogo, ufunike kwa mchanga, au kwa blanketi lililoloweshwa. Ukiwa mkubwa, watoeni watu nje kwanza.